Iandikeni Kabla ya Kuichoma

"Gobore 1."

Ndivyo ilivyoandikwa. Neno moja na tarakimu moja, kwa wino wa bluu, kwenye daftari lililopigwa mistari kwa rula. Ilikuwa Septemba 2022, kipindi cha msamaha kwa watu waliomiliki silaha kinyume cha sheria: lete kwa hiari yako, hutaulizwa, hutashtakiwa. Mjomba wangu alitoka kijijini kabla ya adhana ya alfajiri, huko kwenye milima ya Umatumbi juu ya Kipatimu. Bunduki aliizungushia kanga mbili za marehemu bibi, akapanda bodaboda hadi Njia Nne, akaunganisha gari hadi ilipo ofisi ambayo sitaitaja. Kijana aliyempokea alikuwa mstaarabu. Alimwamkia, akamshukuru kwa uzalendo, akaandika kwenye daftari, akaiegemeza bunduki ukutani karibu na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele.

"Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno," mjomba aliniambia baadaye. "Nilijua wataniuliza umeipata wapi, nani alikupa, imefanya kazi gani. Majibu yote nilikuwa nayo, mwanangu. Walichoniuliza ni jina langu na namba ya simu."

Ahadi ya kutoulizwa ilitimizwa kikamilifu. Ugomvi wangu unaanzia hapo.

Nina umri wa miaka 26, nasoma shahada ya uzamili ya historia, na sijawahi kufyatua bunduki hata siku moja. Sina hamu ya kuanza. Kama umekwisha kunihesabu miongoni mwa wapenda bunduki, ngoja nikuonyeshe mkono wa kushoto wa mjomba: kidole cha pete na kidole cha mwisho havipo. Viliondoka mwaka 1998, usiku, shambani, mtutu wa bunduki hiyohiyo ulipopasuka akiwa ameuelekeza kwa nguruwe. Mimi nilizaliwa nikaukuta mkono hivyo. Nilipokuwa mdogo nilidhani wajomba wote wana vidole vitatu upande mmoja. Kwa hiyo simlaumu aliyetangaza msamaha, wala sisemi mjomba angebaki nayo. Gobore ni hatari kwa aliye mbele yake na kwa aliye nyuma yake. Apeleke. Waichukue.

Ninachosema ni kwamba kuiteketeza bila kuiandika ni kuchoma hati. Na hati hii ina ushahidi juu ya jambo ambalo tumefundishwa vibaya tangu sekondari.

Kwanza nikueleze ilivyofanya kazi, maana nahofu wengi wa rika langu wamelisikia neno gobore kwenye taarifa ya habari tu, baada ya maneno "wamekamatwa wakiwa na".

Likizo za shule ya msingi nilikuwa napelekwa kwa babu. Wachuuzi wa samaki walipanda kutoka Kilwa Kivinje na ng'onda na dagaa, na mmoja wao alikuwa na desturi ya kumletea babu chubwi zilizokatika, yale madonge ya risasi ambayo wavuvi huyafunga kwenye mshipi ili ndoana izame. Babu alimpa ufuta. Chubwi ziliingia kwenye kopo la maziwa, kopo likaingia kwenye mafiga matatu nyuma ya banda la kuku. Baada ya muda madonge yalilegea, yakawa maji yanayong'aa kama gamba la samaki. Babu aliondoa utandu wa juu kwa kijiti, akamimina kwenye kalibu yake ya mawe mawili yaliyochongwa yakakutana sawasawa. Akangoja. Akagonga. Kikadondoka kidonge chenye mkia mdogo, naye akaukata mkia kwa kisu.

Kazi yangu ilikuwa kuokota makombo mchangani yarudi kwenye kopo, kwa sababu hakuna kilichotupwa. Leo najua mvuke na vumbi la risasi ni sumu, na mtoto huathirika kuliko mtu mzima. Bibi hakuambiwa hivyo na mtu, ila alikuwa na akili ya kunifukuza kila upepo ulipogeuka.

Kushindilia nilikutazama mara chache, nikiwa mbali, mlangoni. Baruti kutoka kwenye pembe. Kumbi za nazi zilizosokotwa. Mdeki unashuka ndani ya mtutu, mara tatu, mara nne, kwa uzito uleule. Risasi. Kumbi tena. Mdeki tena. Mwisho kabisa, ukishapanda kwenye dungu na kukaa, ndipo unapachika fataki chini ya mtambo. Baada ya hapo una nafasi moja. Ukikosa, mpaka umalize kushindilia mara ya pili nguruwe amekwisha kufika Liwale.

Angalia maneno hayo. Risasi kwa Kiswahili ni kile kinachotoka kwenye bunduki, na ni jina la madini yenyewe. Tumelipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni hayo madini. Anayesema "amepigwa risasi" anasema, akijua au asijue, kwamba mtu amepigwa na kitu kilichoyeyushwa na kumiminwa. Tuna kalibu. Tuna kusubu, kitenzi cha kuyeyusha madini na kuyatia kwenye kalibu. Tuna mdeki, tuna fataki, tuna gumegume, tuna marisau kwa zile punje ndogo za kupigia ndege. Siku hizi mtu anashindilia wali na mwanasiasa anashindilia hoja, lakini kitenzi hicho kimekaa karne nzima ndani ya mtutu. Msamiati wa namna hii hauwi wa watu wanaoishangaa bunduki. Waliouzoea ni mafundi na wateja wao.

Sasa turudi darasani.

Kidato cha tatu tuliulizwa tutaje sababu za kushindwa kwa Vita vya Maji Maji. Jibu lilikuwa na mpangilio wake, na wewe unaujua. Moja, silaha duni. Mbili, imani ya maji. Tatu, kukosa umoja. Nilipata alama zote. Nilitoka darasani nikiwa na picha ya mababu zangu wakikimbia na mikuki kuelekea kwenye bunduki, wamelowa maji yenye dawa, wakiamini risasi zitageuka matone. Nilikuwa nawahurumia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nawaonea aibu. Na mimi ni Mmatumbi: vita ile ilianzia kwetu, Nandete, Julai 1905, watu walipong'oa miche ya pamba ya serikali.

Haikunijia hata mara moja kwamba babu aliyekuwa akisubu risasi nyuma ya banda la kuku hakuwa mtu wa kwanza katika ukoo wake kufanya kazi hiyo. Wapiganaji wa 1905 walikuwa na mikuki na mishale, ndiyo, lakini walikuwa pia na bunduki za kushindilia, na baruti, na risasi za kusubu wenyewe. "Silaha duni" kwenye karatasi yangu ya mtihani ilikuwa hiyo. Mwalimu hakuuliza, nami sikuuliza, swali ambalo lilipaswa kufuata: nani alizifanya ziwe duni?

Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza aliyekaa Zanzibar alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinapita pale kila mwaka kuingia bara. Nyingi zilikuwa masalia: majeshi ya Ulaya yalikuwa yamehamia kwenye bunduki za kupakilia nyuma, na zile za kushindilia mbele zikatafutiwa soko. Kilwa Kivinje ilikuwa lango mojawapo la soko hilo, mwisho wa njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa. Sitaficha malipo yalikuwa nini. Pembe za ndovu, na watu. Kuna bunduki iliyopanda milima yetu kwa thamani ya mtoto wa mtu aliyeteremshwa pwani, na nikisema hii ni historia yangu, nayo imo.

Septemba ya mwaka huohuo, 1888, watu wa Kilwa Kivinje waliwaua maofisa wawili wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Pwani nzima ilikuwa imewaka. Wakoloni walielewa kwamba bara lenye bunduki halitawaliki kwa bei rahisi. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba ambao tunafundishwa kuwa ni wa kukomesha biashara ya utumwa. Ni kweli ulikuwa wa hivyo. Ulikuwa pia na vifungu vya silaha. Katika eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu na silaha zilizoboreshwa zilipigwa marufuku kuuzwa kwa wenyeji. Iliyoruhusiwa, chini ya usimamizi wa serikali, ilikuwa bunduki ya gumegume isiyo na mifuo, na baruti ya kawaida, ile iliyoitwa baruti ya biashara.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Mwaka 1890, Ulaya ikiwa tayari ina bunduki ya mzinga ya Maxim inayojipakia yenyewe, mkutano mmoja uliamua kwamba Mwafrika anaweza kuendelea na teknolojia ya enzi za Napoleon, na asivuke hapo. Udhaifu wa silaha zetu haukuwa hali ya hewa. Uliandikwa, ukajadiliwa, ukatiwa saini.

Miaka 15 baadaye matokeo yakaonekana. Askari wa Kijerumani walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, ambayo kwa viwango vya Ulaya ya 1905 ilikuwa kuukuu, lakini ilipakiwa nyuma kwa risasi iliyomo ndani ya kasha la shaba. Pale Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya wapiganaji waliikabili boma yenye bunduki za mzinga. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amekwisha kunyongwa Mohoro tarehe 4 ya mwezi huo. Wajerumani wenyewe walihesabu vifo 75,000. Wanahistoria waliokuja kuwasikiliza wazee wanakadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Nina jambo jingine la kusema kuhusu maji, nalo ni usomaji wangu mwenyewe, nimeupata mlangoni kwa babu na si maktabani.

Masika, babu hakuwa akienda kwenye dungu. Nilipomuuliza kwa nini, alicheka. Baruti ikilowa, alisema, umeshika fimbo. Unaweza kulenga utakavyo; fataki italia, mtutu utanyamaza. Kila mtu aliyewahi kushindilia gobore anajua kwamba maji huishinda bunduki. Ameyaona kwa macho yake, pengine nguruwe akiwa hatua kumi mbele yake.

Sasa mchukue mtu huyo, wa mwaka 1905, aliyeishi na bunduki tangu utotoni, umwambie kuna maji yatakayoizima bunduki ya Mjerumani. Unamwona mjinga akikubali? Mimi naona mtu mwenye uzoefu anayepima maneno ya mganga kwa kile anachokijua kuhusu baruti. Dawa ilikuwa na upande wake wa kiroho, na nguvu yake kubwa ilikuwa kuwaunganisha watu wa makabila mengi waliokuwa hawajawahi kupigana bega kwa bega. Siupunguzi upande huo. Lakini haikuota kwenye vichwa vitupu. Kilichowaua ni kwamba bunduki ilikuwa imebadilika na wao wakazuiwa wasiione ikibadilika. Baruti ya Mauser ilikuwa imefungwa ndani ya shaba. Maji hayakuwa na mlango wa kuingilia. Na kasha lile la shaba ni sehemu ya vile vitu ambavyo Brussels iliamua visivuke.

Ukiukubali usomaji huu hata nusu, sababu ya kwanza na sababu ya pili za jibu langu la mtihani zinakuwa sababu moja, na haianzii Ngarambe.

Hiyo ndiyo elimu iliyokuwa imeegemezwa ukutani karibu na baiskeli.

Twende kwa wenzetu, tuone wao wanafanya nini na vyuma vyao vya zamani. Marekani, bunduki au bastola iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo ni kitu cha kale mbele ya sheria yao kuu ya silaha ya 1968. Kuna watu, wengi wao wastaafu wenye karakana nyuma ya nyumba, ambao furaha yao ni kutafuta bastola ndogo za karne ya 19, zile zenye silinda inayozunguka, za aina ambayo viwanda vimekwisha kuacha kuitengenezea risasi. Wanasubu risasi zao wenyewe. Wana kalibu, wana kisufuria, wanapima baruti kwa mizani ndogo, wanajaza makasha moja moja kwa mkono. Wanaandika kila kitu: mwaka, kiwanda, namba, uzito wa risasi, jinsi ilivyopiga. Nimetazama video zao usiku mwingi kuliko ninavyopaswa kukiri kwa msimamizi wangu wa tasnifu. Mikono yao na mikono ya babu inafanya kazi ileile. Mzee mmoja alipoondoa utandu juu ya risasi iliyoyeyuka kwa kijiti, nilisimamisha video.

Mikono ni ileile, ila majina ndiyo tofauti. Yake ni burudani na urithi. Ya babu ni utengenezaji wa risasi za kienyeji, nayo hutajwa mahakamani.

Usiniambie tofauti ni kwamba kwao hakuna hatari. Uingereza pia huviachia vitu vya kale, kwa masharti kwamba vitunzwe kama kumbukumbu au pambo. Wahalifu wakagundua kwamba baadhi ya bastola hizo kuukuu zinaweza kutengenezewa risasi, zikaua. Serikali ilifanya nini? Haikukusanya kila bastola ya zamani ikaitupa tanuruni. Mwaka 2021 ilichukua orodha ya aina za risasi zinazohesabika kuwa zimepitwa na wakati, ikaondoa aina 7 zilizokuwa zinatumika vibaya, ikawataka wenye bastola za aina hizo wafuate taratibu za leseni. Ili uweze kufanya hivyo lazima uwe na orodha. Lazima awepo mtu aliyekaa akaziangalia moja moja, akajua hii ni ipi na ile ni ipi.

Sisi tuna "Gobore 1".

Najua majibu yanayokuja, nimeyasikia kwenye semina na kwenye daladala.

La kwanza ni tembo. Katika Selous, hesabu ya ndege ya mwaka 2009 ilipata tembo wapatao 39,000. Ya mwaka 2013 ikapata 13,000 hivi. Nimekulia karibu na pori lile, sihitaji kuelezwa maana ya tarakimu hizo. Gobore huua wanyama, pamoja na wasiopaswa kuuawa. Ndiyo maana nimesema lichukuliwe. Lakini kulipiga picha kabla ya kulichoma hakumrudishii jangili hata punje ya marisau. Hakuna mtu anayeshinda kwa sisi kutojua.

La pili ni mikataba. Tanzania ilitia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004 pamoja na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, ikakubali kukusanya silaha ndogondogo zilizozagaa na kuziharibu. Ni sawa. Itifaki hiyohiyo inasisitiza alama na kumbukumbu kuhusu silaha. Bunduki inaweza kuharibiwa kwa kutobolewa mtutu na kung'olewa mtambo, isifyatue tena mpaka kiama, na bado ikabaki kitu cha kutazamwa. Nchi nyingine zinafanya hivyo kila siku.

La tatu ndilo linaloniudhi: kwamba vitu hivi ni takataka tu, vyuma vya kienyeji, vina historia gani? Kwetu Kilwa, magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Mgeni anavushwa kwa mashua, analipa, anaonyeshwa Gereza, ngome ambayo Wareno waliianza mwaka 1505 baada ya kuuteka mji kwa mizinga. Tunaulinda ukuta wa aliyekuja na bunduki. Nashukuru tunaulinda. Ila ni vigumu kumweleza mjomba kwa nini jiwe la aliyempiga babu wa babu yake ni urithi, na chuma alichojilinda nacho babu huyo ni taka.

Na mtu asiniambie hakuna pa kuviweka. Songea kuna Makumbusho ya Vita vya Maji Maji. Nandete kuna mnara. Darasani kwangu kuna wanafunzi wanaohangaika kutafuta mada za tasnifu huku mada zinatembea juu ya bodaboda zimevishwa kanga.

Ninachodai hakihitaji bajeti ya kutisha. Msamaha mwingine ukitangazwa, kila ofisi inayopokea silaha iwe na karatasi moja yenye maswali matano. Ilitoka wapi kabla yako? Nani aliitengeneza au kuitengeneza upya? Ilitumika kwa kazi gani? Ina alama gani kwenye chuma na kwenye mti? Kuna kisa chochote ungependa kiandikwe? Jibu si lazima, na lisitumike kumshtaki mtu yeyote. Ahadi ya msamaha ibaki palepale. Picha mbili kwa simu ya aliyepo zamu. Mara moja kwa mwaka, kabla ya moto, mtu mmoja wa makumbusho apite, achague chache zinazostahili, zitobolewe mitutu, zihifadhiwe. Nyingine zichomwe, na karatasi zake zibaki. Wanafunzi wa historia tutakuja kuzisoma. Nitakuja mimi, kwa nauli yangu.

Kuna haraka pia. Waliomsikia mtu aliyemsikia mpiganaji wa 1905 wanaondoka. Miaka ya 1960 wanafunzi wa chuo kikuu walitumwa vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee wa Maji Maji, na karibu kila tunachokijua kutoka upande wetu kimetokana na kazi hiyo. Wangechelewa miaka 20 tu, tungebaki na ripoti za Wajerumani. Sisi tumekwisha kuchelewa kwa watu. Kwa vyuma bado kidogo.

Desemba iliyopita nilikwenda kwa mjomba na daftari jipya. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza nimekuja kwa ajili ya nini safari hii. Nikamwambia nimekuja kumuuliza yale ambayo hakuulizwa. Alinyamaza kidogo. Kisha akavuta mkeka, akamwita mke wake alete maji ya kunywa, akaanza kusema, naye alisema mpaka kuku wakaingia bandani. Bunduki yenyewe sijui iko wapi, na nadhani najua. Nimeandika hivi:

Gobore moja. Mtambo ni wa zamani kuliko sehemu nyingine zote. Una alama ya taji iliyofutika nusu na herufi mbili zisizosomeka. Kitako ni mninga, kilichongwa upya na fundi wa Kipatimu, kina mikato midogo 11 upande wa kulia, kila mkato nguruwe mmoja. Mikato ilikoma babu alipoanza kuishiwa nguvu ya macho. Mtutu wa asili ulipasuka mwaka 1998 na kuchukua vidole viwili. Mtutu wa pili ni bomba la chuma kutoka kwenye mradi wa maji ambao haukuwahi kutoa maji kijijini. Baada ya kuwekwa bomba hilo ilifyatuliwa mara nne tu, kwa woga. Ilipokewa na babu kutoka kwa mjomba wake, naye kutoka kwa mjomba wake, ambaye aliizika shambani vita ilipoisha, Wajerumani walipokuwa wakipita kukusanya silaha, akaifukua walipoondoka. Kalibu yake ya mawe mawili haikukabidhiwa. Inatumiwa na mjukuu mmoja, mvuvi wa Kilwa Kivinje, kutengenezea chubwi. Imekabidhiwa na mwenyewe, kwa hiari yake, Septemba 2022, ikiwa imefungwa kwenye kanga mbili. Kanga amerudi nazo.